Mchagoni ni Wapi? Namna ya Kulijua Neno Geni la Riwayani

Mzee anaumwa, amelala chumba cha ndani. Mke mdogo yupo, amekaa mchagoni. Bi mkubwa anaingia na bakuli la uji, anamtazama mwenzake, analiweka bakuli chini, anatoka bila kusema neno. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na amani tena.

Nimeyasimulia kwa maneno yangu mwenyewe. Yalikuwamo katika riwaya ya Kizanzibari niliyoisoma nikiwa kidato cha tatu, nakala ya maktaba iliyokwisha kupoteza jalada. Sikujua mchagoni ni wapi. Nilijiambia patakuwa mahali fulani mle chumbani, nikafunua ukurasa. Kwa kurasa nyingi zilizofuata nilimwona bi mkubwa kama mtu mwenye roho mbaya, anayenuna bila sababu. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba sababu ilikuwepo, imeandikwa wazi, kwa neno moja, nami nimeliruka.

Wengi wetu tuna tabia hiyo. Tukikutana na neno geni la Kiingereza tunalitafuta mara moja, wala hatuoni haya. Likiwa la Kiswahili tunalivuka kimyakimya, maana tumekizungumza tangu utotoni na kukiri kwamba kuna neno lake hatulijui ni kama kukiri kwamba humjui shangazi yako. Basi anzia hapo: kubali kwamba hulijui. Kiswahili kimeishi baharini, shambani, jikoni, msikitini, sokoni na bandarini, na hakuna mtu aliyekulia kote huko. Neno linalokushinda wewe ni la kawaida kabisa kwa mtu fulani, na kazi yako ni kumfikia mtu huyo.

Weka alama, endelea kusoma

Usisimame kwa kila neno. Ukifanya hivyo utaichukia riwaya kabla ya sura ya pili, na riwaya haikuandikwa ichukiwe. Uwe na penseli. Ukikuta neno usilolijua, weka nukta ukingoni mwa ukurasa. Kama kitabu si chako, chomeka kipande cha karatasi na uandike neno hapo. Kisha soma hadi mwisho wa sura.

Ukirudi kwenye nukta zako utaona nyingine zimeshajijibu. Mwandishi mzuri hulirudia neno mahali pengine, na safari ya pili linakuwa na mwanga zaidi. Nyingine zinaweza kungoja. Kama mhusika amekwenda sokoni akakuta changu, tasi na kolekole, kwa sasa inatosha kujua kwamba ni samaki.

Nukta ya kushughulikia leo ni ile iliyo karibu na tendo la mtu. Mtu amekasirika, amecheka, ameona haya, ameondoka, na wewe huoni kwa nini. Rudi sentensi mbili nyuma. Mara nyingi sababu imekaa ndani ya neno ulilolivuka.

Kabla hujafungua kamusi, kisia, na uliandike kisio lako. Hili watu hulidharau, lakini mimi naliona la lazima, kwa sababu kisio ambalo halikuandikwa hujigeuza kuwa jibu. Mimi nilikisia kwamba mchago ni ndugu wa chaga, zile mbao zinazopangwa kitandani kubeba godoro. Sauti zinafanana, na vyote viwili ni vya kitanda. Kwa hiyo nikamweka mke mdogo ukingoni mwa kitanda, juu ya mbao, popote pale. Kisio lenyewe lilikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana likaniridhisha muda mrefu hivyo. Ningeliandika, siku moja ningeliona pale daftarini bila ushahidi wowote kando yake.

Livue neno nguo zake

Hapa ndipo wasomaji wengi hukata tamaa. Wanafungua kamusi, hawalioni neno, wanahitimisha kwamba kamusi ni mbovu. Kumbe neno wamelitafuta na nguo zake zote. Kiswahili huyavisha maneno mbele na nyuma, na kamusi huyaorodhesha yakiwa yamevuliwa.

"Mchagoni" halimo katika kamusi. Ondoa -ni ya mahali, linabaki mchago, nalo limo. Ndivyo ilivyo kwa mvunguni, upenuni na kiamboni: utayapata mvungu, upenu na kiambo. Ila si kila -ni ni ya mahali. Shetani na sultani wamezaliwa nayo, na ile ya njooni inawahesabu watu, haioneshi pahali.

Majina ya wingi nayo hujificha. Ukikuta ndimi ukaitafuta kwenye N, huenda usiione. Umoja wake ni ulimi. Nyavu ni wavu, mbavu ni ubavu, ndevu ni udevu, kuta ni ukuta, kope ni ukope. Basi jina lolote geni linaloanza kwa nd, mb au ny, au linaloonekana limekatwa kichwa, lijaribu upya ukiliwekea u- au w- mbele. Nimeona wanafunzi wakihangaika nusu saa kwa neno ambalo walikuwa wakilitumia kila siku katika umoja wake.

Vitenzi vinataka mkono mwepesi zaidi. Chukua "hawakulikunjua". Ha- ni ya kukanusha, -wa- ni wao, -ku- ni ya wakati uliopita, -li- ni kitu kinachotajwa, labda jamvi au tanga. Kinachobaki ni kunjua. Kama hata kunjua hulijui, tazama mwisho wake: -ua mara nyingi hugeuza tendo liwe kinyume chake. Funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Ukilijua moja umelipata la pili.

Lakini usivue kupita kiasi. Mfano wangu wa kila siku ni "alijikunyata". Toa a-, toa -li-, toa -ji-. Umebaki na kunyata, na mkono unakuwasha uitoe na hiyo ku-, maana umezoea kuitoa katika kusoma na kulala. Ukiitoa unapata nyata, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu nyata ni kitenzi halali: ni kutembea kwa kuvizia, hatua nyepesi, kama paka anayemwendea ndege. Sasa mhusika wako aliyekuwa amejikunja kwa baridi pembeni mwa ukuta unamfanya amnyemelee mtu. Ile ku- ni ya mzizi. Basi ukishalivua neno, lirudishe katika sentensi yake uone kama linakaa. Lisipokaa, umetoa kiungo badala ya nguo.

Kuna ufunguo mwingine ambao shuleni tunafundishwa haraka mno, nao ni namna konsonanti zinavyobadilika kitenzi kinapozaa jina. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi: k imekuwa sh. Anayejenga ni mjenzi, anayelinda ni mlinzi: g na d zimekuwa z. Anayegomba ni mgomvi, aliyelewa ni mlevi: b na w zimekuwa v. Anayefuata ni mfuasi: t imekuwa s. Ukikuta jina geni la mtu linaloishia kwa -shi, -zi, -vi au -si, rudi nyuma kwa njia hiyohiyo utafute tendo lake. Vivyo hivyo sifa zinazoishia na -vu: mnyamavu ametoka kwa nyamaa, mlegevu kwa legea, mchovu kwa choka. Na katika vitenzi vyenyewe, -sha mara nyingi imemeza -ka: gutusha ni kumfanya mtu agutuke, kumbusha ni kumfanya akumbuke. Ogofya ni la ogopa, levya ni la lewa. Ukizoea, utaanza kuliona tendo ndani ya jina kabla hujafungua kamusi, na nakuhakikishia ni furaha yenye ladha ya pekee.

Yako maneno ambayo njia hii haiyagusi, hasa yenye asili ya Kiarabu. Haini, ambalo ndilo jina la riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 2003, halina kitenzi cha Kibantu cha kulizaa. Ni msaliti, na unalijifunza lilivyo. Kwa maneno ya namna hii angalia tahajia. Maandishi ya zamani, na hata ya sasa ya Visiwani, huandika kh pale ambapo kamusi nyingi za sasa zina h tu: khabari, kheri, khatari. Usipoliona kwenye KH, nenda kwenye H. Na mhusika akiwa mtu wa Mombasa, kumbuka kwamba t yake mara nyingi ni ch ya Unguja, na nd yake ni nj: mtele ni mchele, mtanga ni mchanga, ndia ni njia. Asemapo "ndoo" huenda hakuna ndoo yoyote hapo. Anamwita mtu aje.

Kamusi isome yote, si mstari wa kwanza tu

Usiishie kwenye kamusi moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na imetolewa upya zaidi ya mara moja tangu hapo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Tazama majina hayo tu: wa Dar wanasema kamusi ya, wa Zanzibar wanasema kamusi la. Vitabu vyenyewe vinatofautiana katika ngeli ya neno kamusi kabla hujafunua ukurasa. Basi ukisoma mwandishi wa Unguja au Pemba, anza na kamusi la kwao. Kwa maneno ya zamani, na kama Kiingereza chako kinatosha, ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado ina maneno mengi ya nyumba, ya ufundi na ya chombo ambayo kamusi ndogo za shule zimeyaacha.

Ukilipata neno, soma kila kitu kilichowekwa pale. Ile "nm" ni nomino na "kt" ni kitenzi, usizipite. Mabano yenye [u-/i-] yanakwambia mchago una wingi wa michago, na kwamba utasema mchago wake umevunjika, si kimevunjika. Kama kuna maana tatu, usichukue ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza. Ipeleke kila moja kwenye sentensi ya mwandishi, uone ipi inamfanya mhusika atende alivyotenda. Na kama pana mfano wa matumizi, huo ndio wenye thamani kuliko maelezo yote.

Kwa mchago, kamusi inatosha kukwambia kwamba ni upande wa kitanda anaoelekeza kichwa mlalaji. Niliposoma hivyo, miaka baada ya ile riwaya, niliona aibu kidogo kwa kisio langu la chaga. Lakini bado sikujua kwa nini bi mkubwa alitoka chumbani. Nilijua mke mdogo alikaa wapi, ila sikujua kukaa pale ni kufanya nini.

Mtafute mwenye neno

Jirani yetu Tanga alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Pangani, na kwake kilikuwepo bado kitanda cha kamba, kilichowambwa kwa kamba za usumba. Nilikwenda jioni, baada ya alasiri, wakati ambapo hana kazi ya moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Bibi, nimekuja kuuliza neno. Mchago ni nini?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alisema "njoo", akaniingiza ndani, akaupiga mto kwa kiganja. "Mchagoni hapa. Kule miguuni." Kisha, bila kuulizwa, akakizunguka kitanda akikigusa kipande kwa kipande kama anayenitambulisha kwa ndugu zake. Mti mrefu wa ubavuni: mfumbati. Ule mfupi wa kukinga huku na huku: kitakizo. Mguu: tendegu, yako manne. Chini pale: mvungu.

Mvungu nilikuwa nalo tangu utotoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo tumeimbishwa wote darasani. Lakini nakiri sikuwahi kuuona mvungu wenyewe hadi siku ile, nilipoinama nikachungulia nikaona mkeka uliokunjwa, jozi ya viatu na ndoo ya mchele. Kwangu ulikuwa neno la methali tu. Pale ukawa mahali, kuna baridi kidogo na vumbi.

Halafu nikamsimulia bibi ile hadithi. Mzee mgonjwa, mke mdogo mchagoni, bi mkubwa na bakuli la uji. Alinisikiliza akaguna.

"Kwa mgonjwa, mchagoni pana mwenyewe," alisema. "Anayekaa pale ndiye anayemwinua kichwa kumnywesha maji. Mgonjwa akinong'ona, ndiye anayesikia. Mwengine anakaa miguuni, anakanda miguu."

Maneno hayo siyatarajii katika kamusi, wala si kazi yake.

Kwa hiyo ukienda kuuliza, zingatia yafuatayo. Nenda na sentensi, usiende na neno tupu. Neno tupu humfanya mtu abuni; sentensi humfanya akumbuke. Omba uoneshwe kitu kuliko kuomba maana yake, kama ni kitu cha kuonekana. Ukishapata neno lako, nyamaza kidogo. Mwenye lugha akianza kutaja kitanda atataja na vipande vyake vyote, na neno unalolijua pamoja na majirani zake ni gumu kulisahau. Mimi ningelijifunza mchago peke yake, naamini ningekuwa nimelipoteza.

Chagua mtu kwa aina ya neno. Kama riwaya ni ya jahazi, mkuku na foromali muulize mvuvi au fundi wa vyombo, si mwalimu wako wa Kiswahili. Neno la kilimo muulize mkulima, la pishi muulize anayepika. Usidhani kila fundi atakuwa nalo, pia. Fundi seremala aliyenitengenezea kitanda changu, kijana hodari, alinitajia chaga bila kusita, lakini mchago hakuujua. Kwake upande ule ni kichwani, basi. Hilo nalo ni jambo la kuandika: neno lipo, lakini limeshahama kwenye karakana.

Yapo maneno yanayohitaji stara. Riwaya zetu zina matusi, zina mafumbo ya mapenzi, zina maneno ya unyagoni. Ukilishuku neno, usimwulize bibi barazani mbele za watu. Na kijana wa kiume asimwulize kabisa, amtume dada yake. Ukilikosea hili unajifungia mlango ambao ungekufaa kwa maneno mia mengine.

Na ukiuliza katika kundi la WhatsApp, utapata majibu kumi kabla hujaiweka simu chini, mengi yakiwa makisio kama lile langu la chaga. Mwombe kila mjibuji sentensi aliyoisikia, na amesikia wapi. Watakaoweza kujibu watakuwa wawili au watatu. Shika ya hao.

Pale mwandishi alipolitunga

Wakati mwingine neno halimo kwenye kamusi yoyote na hakuna bibi atakayekuonesha, kwa sababu mwandishi amelifinyanga. Usilitupe. Shaaban Robert alipoiita nchi Kusadikika, katika kitabu cha mwaka 1951, alichukua sadiki, akalitia -ika ya kuwezekana, akalitia ku- likawa jina: nchi inayoweza kusadikiwa. Ukishaliona tendo lile ndani yake, tayari umeanza kuisoma hadithi, maana utajiuliza ni nani anayeombwa asadiki, na asadiki nini. Kwa Utubora, jina la mhusika wake mwingine, hakuna haja hata ya kuvua. Ni utu na bora vimeshikana mikono.

Euphrase Kezilahabi aliiita riwaya yake ya mwaka 1991 Mzingile. Ukisimama kwenye jalada tu, zinga liko palepale, nalo ni kuzunguka. Upo mzingo, liko zingira, na kutoka kwa zingira tumepata mazingira, ambalo leo tunalitumia kila siku bila kukumbuka kwamba ni vile vinavyotuzunguka. Mzingile ni njia zinazojizungusha, unaingia na hujui pa kutokea. Mimi ningemshauri msomaji akae na jalada hilo dakika tano kabla ya kufungua kitabu.

Na Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, kwa alama ile ndogo ya ritifaa juu. Anayejifunza lugha anaweza kulitafuta n'kuvute kama neno. Si neno, ni kauli: vuta, nami nikuvute. Irabu imeliwa kama inavyoliwa midomoni mwa watu wanapozungumza haraka. Ukiona alama hiyo, soma kwa sauti. Sikio litalijua kabla ya jicho.

Liweke, kisha litumie

Uwe na daftari, la karatasi. Usiandike neno na maana tu, wala usiandike neno na tafsiri yake ya Kiingereza, kwa sababu siku utakayolihitaji litakujia la Kiingereza. Andika sentensi ya mwandishi kama ilivyo, na ukurasa. Andika ngeli. Andika kisio lako la kwanza, hata kama lilikuwa baya. Andika aliyekueleza, na alikuwa amesimama wapi. Ukurasa wangu wa mchago una mistari minane na mchoro wa kitanda ambao hauna uzuri wowote, lakini vipande vyote vitano vina majina yake.

Kisha litumie ndani ya siku chache, nyumbani kwanza, mahali ambapo kitu chenyewe kipo. "Miwani yako nimeiweka mchagoni." Mtu akikuuliza mchagoni ni wapi, muoneshe kwa kiganja. Ukishafanya hivyo mara tatu, limekwisha kuwa lako. Ila lijulie mpaka wake. Mchago ni wa kitanda. Usiupeleke kwenye meza wala kiti cha gari kwa kuwa tu umelipenda neno, wala usilipachike katika barua ya kazi ili uonekane msomi. Mwenye lugha atalisikia mara moja, kama anavyosikia chumvi iliyozidi.

Wiki mbili baadaye rudi kwenye ile sura, siyo kwenye daftari. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiacha, nami naona ndiyo iliyonipa zaidi. Tafuta nakala, hata kama umeshaimaliza riwaya zamani, na usome upya ule ukurasa uliokuwa na nukta.

Ile yangu niliipata kwa rafiki. Nilifungua pale pale. Mke mdogo yuko mchagoni, kwa hiyo kichwa cha mzee kiko karibu na paja lake na mdomo wa mzee uko karibu na sikio la mke huyo. Bi mkubwa anaingia na bakuli la uji alioupika mwenyewe, na kumnywesha mgonjwa uji lazima ufike kichwani. Anatazama. Nafasi iliyobaki ni miguuni. Analiweka bakuli chini, na safari hii niliona kwamba mwandishi ameandika analiweka taratibu.